Jinsi ya Kuwa Mzimamoto wa Kujitolea Katika Kitongoji cha Pembezoni mwa Mji

Mtu anapofikiria kazi ya kuzima moto, picha inayomjia upesi ni ya mwali mkubwa, ngazi ndefu na mtu anayetolewa dirishani akiwa amebebwa begani. Picha hiyo ina ukweli wake, ila haimsaidii sana anayetaka kujiunga na kikosi cha kujitolea, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mahali pasipo na mwali wowote: kituoni jioni ya siku ya mazoezi, kando ya barabara penye ajali ya gari, au sebuleni kwa mzee aliyeanguka na kushindwa kuinuka. Vituo vingi havilalamikii uhaba wa mashujaa. Vinalalamikia uhaba wa watu wanaofika saa iliyopangwa, mwezi baada ya mwezi, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na muda wako kabla ya kufika kwenye moto.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin na wenzake waliunda Union Fire Company, na kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi pamoja na mifuko ya kuokolea mali. Nchini Chile, ambako kikosi cha kwanza kilianzishwa Valparaíso mwaka 1851, wazimamoto wa kikosi cha taifa ni wa kujitolea hadi leo. Ujerumani na Austria zina maelfu ya vikosi vya namna hii, na hata Marekani wanaojitolea ni wengi kuliko wanaolipwa mshahara. Ni vikosi kamili, vyenye magari, ngazi, vyeo na nidhamu sawa na ya waajiriwa, na mwenye nyumba inayoungua hana njia ya kutofautisha aliyelipwa na asiyelipwa.

Hatua ya kwanza: Hesabu saa zako kwa ukweli

Kitongoji cha pembezoni mwa mji kina tatizo lake ambalo katikati ya mji halipo. Nyumba zimekaribiana kiasi cha moto kuweza kuruka kutoka moja hadi nyingine, lakini wakazi wengi hushinda mjini kazini, kwa hiyo kituo chenye majina 40 kwenye orodha kinaweza kupata watu watatu tu saa nane mchana. Ikiwa unafanya kazi zako nyumbani, au una zamu za usiku na mchana uko karibu na kituo, litaje jambo hilo mapema. Mtu wa mchana hupokelewa kwa mikono miwili.

Kisha piga hesabu. Vituo vingi hufanya mazoezi mara moja kwa wiki, saa mbili hadi tatu. Mafunzo ya msingi huweza kuzidi saa 100, yakipangwa jioni na mwishoni mwa wiki kwa miezi kadhaa. Kuna miito yenyewe, ambayo haina ratiba, na kuna kazi ambazo hazitajwi kwenye mabango ya kuwaalika watu: kuosha magari, kukagua mitungi ya hewa, kuandika taarifa, kuchangisha fedha. Kaa na watu wa nyumbani kwako kabla hujachukua fomu. Ni wao watakaoamshwa na mlio wa peja, kile kifaa kidogo cha kukuita kwenye tukio, saa tisa usiku, na ni wao watakaobaki na chakula mezani wakati wewe umeondoka mbio. Mwenza aliyeshirikishwa tangu mwanzo huvumilia mengi. Aliyepewa taarifa baada ya uamuzi kufanyika huvumilia kwa muda tu, na wanaoacha kikosi kwa sababu hiyo si wachache.

Zungumza na mwajiri wako pia. Katika baadhi ya nchi, Ujerumani ikiwa mfano mzuri, sheria inamlinda mzimamoto wa kujitolea anayeitwa akiwa kazini. Kwingine inategemea hisani ya mwajiri, na hisani hiyo ni bora iombwe kabla ya kuhitajika, na ikiwezekana iwe kwa maandishi.

Hatua ya pili: Tembelea kituo siku ya mazoezi

Kwanza hakikisha ni kituo gani kinachohudumia mtaa wako, kwa kuwa mipaka ya vituo haifuati sikuzote mipaka ya vitongoji, na vituo vingi humtaka mwanachama awe anaishi au anafanya kazi ndani ya eneo lao, au dakika chache kutoka hapo. Masharti haya yana sababu. Majaribio ya kulinganisha vyumba yaliyofanywa nchini Marekani yameonyesha kwamba sebule yenye samani za kisasa, zilizojaa sponji na plastiki, huweza kufikia hali ya kila kitu chumbani kuwaka kwa pamoja kwa chini ya dakika tano, wakati chumba chenye samani za zamani za mbao na pamba kilichukua karibu nusu saa. Mtu anayehitaji dakika 20 kufika kituoni anaweza kuwa na manufaa mengi, lakini hataingia kwenye gari la kwanza.

Nenda jioni ya mazoezi, si mchana ambapo huenda ukakuta mlango umefungwa. Jitambulishe kwa kiongozi aliyepo, uombe kutazama, kisha tazama kweli. Mavazi ya moto yametundikwa yakiwa safi, au yamejaa masizi ya moto wa mwezi uliopita? Mitungi ya hewa inakaguliwa kwa orodha, au kwa kugongwa kwa kidole? Mgeni akikosea kufunga fundo anaelekezwa au anachekwa? Mimi ningeyapa majibu ya maswali haya uzito mkubwa kuliko upya wa gari lililoegeshwa mbele, maana gari jipya hununuliwa kwa fedha, ilhali mazoea ya kituo huchukua miaka mingi kubadilika.

Uliza pia mambo manne bila haya: bima inamgharimia nani na nini mtu akiumia, nani hununua mavazi na buti, kituo hupokea miito mingapi kwa mwaka, na mingapi kati ya hiyo ni ya moto. Jibu la swali la mwisho huwashangaza wageni. Nchini Marekani, miito ya moto ni sehemu ndogo sana ya miito yote, haifiki hata mmoja kati ya kumi, na iliyo mingi kuliko yote ni ya wagonjwa na majeruhi. Ikiwa huwezi kabisa kustahimili damu au mtu aliyezirai, afadhali ulijue hilo sasa.

Hatua ya tatu: Maombi na mahojiano

Fomu yenyewe haina ugumu. Umri wa chini mara nyingi ni miaka 18, ingawa vikosi vingi vina kundi la vijana wanaojifunza bila kuingia kwenye moto. Utaombwa kitambulisho, leseni ya udereva ikiwa unayo, na ridhaa ya kuchunguzwa rekodi yako ya makosa. Kosa dogo la zamani lililoelezwa wazi mara nyingi husameheka. Lililofichwa likagundulika halisameheki. Kosa la kuchoma mali kwa makusudi hufunga mlango, na ni haki lifunge.

Katika mahojiano, watu hupenda kusema kwamba tangu utotoni waliota kupanda gari jekundu. Wanaohoji wamesikia hayo mara nyingi. Waeleze siku ambazo unapatikana, kazi unayofanya, ufundi ulio nao, na sababu inayokufanya uamini kwamba mwaka ujao bado utakuwa unakuja. Fundi umeme, seremala, muuguzi na dereva wa lori wana ujuzi ambao kituo kinauhitaji moja kwa moja. Mtu ambaye afya au umri haumruhusu kuingia ndani ya jengo linalowaka asikate tamaa, kwani vikosi vingi huwa na nafasi za utunzaji wa vifaa, hesabu, elimu kwa wakazi na mawasiliano, na kituo kisicho na watu wa nafasi hizo huwapotezea muda wazimamoto wake.

Hatua ya nne: Tayarisha mwili

Moyo ndio wa kwanza. Nchini Marekani, ambako takwimu hizi zimewekwa kwa muda mrefu, chanzo kinachoongoza cha vifo vya wazimamoto wakiwa kazini kimekuwa kwa miaka mingi ni matatizo ya ghafla ya moyo na kufanya kazi kupita uwezo wa mwili, kuliko moto wenyewe. Si vigumu kuelewa sababu yake: mtu aliyekuwa usingizini anashtuliwa, mapigo yanapanda, anavaa mavazi mazito yasiyopitisha joto la mwili, kisha anaburuta mpira uliojaa maji. Kwa hiyo daktari atapima shinikizo la damu, moyo, mapafu, macho na masikio, na ukaguzi huo usiuchukulie kama kikwazo cha kukwepa. Huenda ukatakiwa kupata chanjo, hasa ya homa ya ini aina ya B, kutokana na kazi ya kuhudumia majeruhi.

Wenye ndevu nao wajiandae. Barakoa ya kupumulia hubana moja kwa moja kwenye ngozi ya uso, na ndevu zinazopita chini ya ukingo wake huacha mwanya. Hakuna ubishi wa kushinda hapa. Kituo kinachoruhusu ndevu za namna hiyo ndani ya moshi kina tatizo kubwa kuliko ndevu.

Mavazi kamili pamoja na mtungi wa hewa huwa na uzito wa kilo 20 na zaidi, kabla hujashika kifaa chochote. Mfano wa kipimo kinachotumika Marekani na Kanada ni mtihani wa uwezo wa mwili uitwao CPAT, wenye majaribio manane yanayotakiwa kukamilishwa kwa dakika 10 na sekunde 20 huku mtahiniwa amevaa fulana ya uzito wa karibu kilo 23, na katika kupanda ngazi huongezewa kilo 11 hivi. Si kila kikosi cha kujitolea hudai mtihani huo, lakini unaonyesha aina ya nguvu inayohitajika. Anza miezi miwili au mitatu mapema: panda ngazi ukiwa na mkoba wenye uzito mgongoni, buruta gurudumu au gunia la mchanga kwa kamba, beba ndoo mbili zilizojaa maji kwa umbali wa kutosha kukuchosha vidole. Kukimbia kunasaidia pumzi, ila mkimbiaji hodari asiyeweza kuinua kitu kizito atashangaa siku ya kwanza.

Hatua ya tano: Mafunzo ya msingi

Hapa ndipo raia wa kawaida hugeuka mzimamoto, na hapa pasiharakishwe. Majina ya ngazi hutofautiana kwa nchi. Marekani, kwa mfano, kozi nyingi hufuata kiwango cha chama cha kinga dhidi ya moto cha nchi hiyo, NFPA, kilichojulikana kwa miaka mingi kama NFPA 1001, chenye ngazi ya kwanza na ya pili. Yaliyomo hufanana karibu kila mahali.

Utaanza na kuvaa. Linaonekana jambo dogo hadi utakapopewa dakika moja tu kuvaa suruali, buti, koti, kitambaa cha kichwa, kofia na glovu bila kuacha ngozi wazi shingoni wala kwenye vifundo vya mikono. Rudia nyumbani, gizani, hadi mikono ijue yenyewe.

Kisha hewa. Mtungi ulioandikwa dakika 30 haukupi dakika 30. Maandishi hayo yanatokana na kipimo cha maabara, na mtu anayevuta mpira huku akihema huweza kuumaliza chini ya dakika 20. Utafundishwa kusoma kipimo cha hewa kabla ya kuingia, kukisoma tena kila baada ya kazi fulani, na kuanza kutoka mapema, kwa sababu kengele ya hewa kupungua inatakiwa ikukute ukiwa njiani kuelekea nje. Utajifunza pia kuhusu kifaa kidogo kinachopiga kelele kali mvaaji asipotikisika kwa takriban sekunde 30, na utakuja kuchukia mlio wake kila mtu anaposimama akisikiliza maelezo na kusahau kujitingisha.

Somo la tabia ya moto ndilo linalotenganisha anayefuata amri kwa kuelewa na anayefuata kwa kuiga. Moshi mzito unaotoka kwa kasi ni gesi zinazoweza kuwaka. Ukiufungulia mlango unaupa hewa uliyokuwa ukiingoja. Ndiyo maana mlango haufunguliwi kabla mpira wenye maji haujawa tayari, na ndiyo maana wazimamoto huwaambia wakazi wafunge milango ya vyumba wanapolala. Maji nayo yana tabia yake: yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, kwa hiyo maji mengi yaliyopigwa ovyo darini katika chumba cha moto huweza kumuunguza kwa mvuke yule yule aliyeyapiga. Mwalimu mzuri atakufanya urudie jambo hili hadi uchoke.

Kutafuta mtu ndani ya moshi hufundishwa huku macho yamezibwa. Unatambaa, mkono mmoja ukigusa ukuta, mguu au kifaa kikipapasa katikati ya chumba, na mwenzako yuko umbali wa kusikika. Hakuna anayeingia peke yake. Kanuni inayofahamika Marekani ni kwamba wawili wanaoingia lazima wawe na wawili wengine nje walio tayari kuwafuata, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini ndani. Ikiwa kuna hofu ya sehemu zilizobana, itajitokeza hapa, na ni heri ijitokeze katika nyumba ya mazoezi. Mwambie mkufunzi. Wengi huizoea kwa hatua ndogo ndogo, wachache hawaizoei, na hao wachache huwa madereva na waendeshaji wa pampu wazuri sana.

Zaidi ya hayo utafundishwa ngazi, mafundo ya kamba, kufungua mlango kwa shoka na mtarimbo, kuunganisha mpira kwenye haidranti, yaani bomba la mtaani la maji ya kuzimia moto, kutumia redio kwa maneno machache, huduma ya kwanza, na kutambua alama za kemikali hatari. Kwa kitongoji, omba pia muda wa kutosha kuhusu gereji zilizoungana na nyumba, paneli za sola ambazo huendelea kuzalisha umeme maadamu jua linawaka hata baada ya umeme wa nyumba kukatwa, na magari ya umeme, ambayo betri yake huweza kuwaka upya saa nyingi baada ya kudhaniwa imezimika. Na mwishoni mwa wiki moja, zungukia mtaa wako kwa miguu: andika haidranti zilipo, barabara zisizo na njia ya kutokea, mageti yanayofungwa usiku, na kona ambazo gari kubwa halikati pakiwa na magari yameegeshwa. Hakuna kozi itakayokupa maarifa hayo.

Hatua ya sita: Kipindi cha majaribio na miito ya kwanza

Miezi sita hadi kumi na miwili ya mwanzo utakuwa chini ya uangalizi. Peja italia nawe utataka kuruka. Usikimbie na gari lako. Katika maeneo mengi gari binafsi la mzimamoto wa kujitolea halina haki ya kuvuka taa nyekundu wala kupita mwendo uliowekwa, hata pale linaporuhusiwa kuwa na taa maalumu, na ajali za barabarani ziko miongoni mwa mambo yanayowaua wazimamoto. Nenda kituoni, isipokuwa umeelekezwa vingine. Anayefika eneo la tukio peke yake, bila mavazi, bila mtungi na bila amri, ni mtu mmoja zaidi wa kuangaliwa. Vaa kabla ya kupanda, funga mkanda, kisha msikilize kiongozi wa gari.

Eneo la tukio, kazi zako zitakuwa za nje: kubadilisha mitungi, kunyoosha mpira usijikunje, kuunganisha maji, kuleta vifaa, kuzuia magari. Zifanye vizuri. Kosa linalomwondoa mgeni upesi ni kujitafutia kazi, yaani kuingia mahali ambapo hakutumwa kwa sababu ameona nafasi ya kusaidia. Kiongozi anayehesabu watu wake akakosa mmoja hulazimika kusimamisha kuzima moto ili aanze kutafuta. Ukimaliza ulichopewa, rudi kwa kiongozi useme umemaliza. Usipige picha. Unayoyaona ndani ya nyumba ya mtu siku ya msiba wake yabaki humo.

Hatua ya saba: Baada ya moto

Sehemu hii zamani haikufundishwa, na masizi usoni yalionekana kuwa fahari. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile lenye tumbaku na asbesto. Kwa hiyo usivue barakoa kwa sababu tu mwali umezimika, kwani wakati wa kufukua majivu hewa bado ina sumu. Mavazi yasuguliwe kwa maji na sabuni pale pale kabla ya kuondoka, yafungwe kwenye mfuko, na yasipandishwe katika gari lako la familia wala kufuliwa kwenye mashine ya nyumbani. Futa shingo, uso na mikono, kisha oga haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja.

Kuna na mzigo usiofutika kwa sabuni. Katika kitongoji unamhudumia jirani, mwalimu wa mwanao, au muuza duka unayesalimiana naye kila asubuhi, na baadhi yao hawataokoka. Baada ya mwito mzito, vikosi vinavyojali watu wake hukaa pamoja kuuzungumzia. Ukialikwa, kaa, hata kama huna la kusema. Usingizi ukikukimbia kwa wiki kadhaa, au ukijikuta unakwepa barabara fulani, mwambie kiongozi wako na umwone mtaalamu, kwa utaratibu ule ule ambao ungeufuata kama ungevunjika mkono. Kisha angalia ubaoni ni nani anakagua mitungi wiki hiyo, maana huenda ikawa zamu yako.